Gegedu la Taya Halisagiki, Linaliwa

Miaka mitatu iliyopita daktari wa meno alinionyesha picha ya kiungo cha taya langu la kulia. Aliweka kidole mahali ambapo kichwa cha mfupa kilipaswa kuwa na mviringo laini lakini kilikuwa bapa, chenye kingo zilizokwanguka, kisha akasema kwa upole kwamba kiungo kimesagika. Nilikuwa nimekwenda kwake kwa sababu ya mlio kama wa mchanga unaokanyagwa, uliosikika kila nilipofungua kinywa, na neno lile lilinitosha kwa siku hiyo. Kazi ya taya ni kusaga, nikajiambia, basi si ajabu kisagacho nacho kikasagika. Ilinichukua muda mrefu wa kusoma kabla ya kutambua kwamba neno hilo, pamoja na ndugu yake "kuchakaa", lilikuwa limenipotosha, na kwamba wale wanaosema gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kiungoni, "limelika" wako karibu zaidi na kile kinachoonekana chini ya hadubini.

Kitu kinachosagika hakina neno katika jambo hilo: jiwe husugua jiwe, unga ukadondoka. Kitu kinacholiwa kina mlaji. Katika osteoathraitisi ya kiungo cha taya, yaani ugonjwa huu wa gegedu na mfupa wa kiungo kuharibika, mlaji huyo anajulikana kwa sehemu kubwa, naye si mgeni. Ni seli zilezile za gegedu zilizolitunza kwa miaka, zikisaidiwa na seli za utando wa kiungo na za mfupa ulio chini yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakuwa na hadubini. Mimi si daktari. Nimefundisha biolojia kwa muda wa kutosha kujua kwamba seli haifanyi jambo bila kuamriwa, na swali lililonishika ni nani anayetoa amri hii na kwa nini seli inaitii.

Kiungo cha taya hukaa mbele kidogo ya tundu la sikio, ambapo kichwa cha mfupa wa taya la chini huingia katika kishimo kilicho chini ya fuvu. Ukiweka kidole hapo na kufungua kinywa utakihisi kichwa hicho kikizunguka kwanza, kisha kikiteleza kwenda mbele. Kati ya kichwa na kishimo kuna kisahani cha nyuzi ngumu kinachougawa uwazi wa kiungo katika vyumba viwili, cha chini kwa ajili ya mzunguko na cha juu kwa ajili ya mtelezo. Kwa kuwa viungo ni viwili lakini mfupa ni mmoja, upande mmoja hauwezi kusogea bila wa pili kuitika, na kiungo kinachouma hakipati kupumzishwa kama mkono unavyofungwa kitambaa.

Wengi wetu tukitaja gegedu huwa akilini tuna lile la goti, jeupe na la kung'aa, lililojengwa kwa kolajeni, protini ya nyuzi, ya aina ya II. La taya ni tofauti. Tabaka lake la juu kabisa limefumwa kwa kolajeni ya aina ya I, ileile iliyomo katika ngozi na kano. Chini yake kuna tabaka jembamba la seli changa zinazogawanyika, kisha seli za gegedu zilizokomaa pamoja na kolajeni yao ya aina ya II, na mwisho, mpakani na mfupa, seli zilizovimba zinazotengeneza kolajeni ya aina ya X. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba katika tabaka la juu wamo seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ambazo, hata ikipandikizwa moja tu na kuzaliana, huweza kutoa gegedu na mfupa. Walionyesha pia kwamba ishara za kemikali za njia iitwayo Wnt zikizidi, akiba hiyo ya seli shina huisha na gegedu hudhoofika. Na kwamba sungura waliojeruhiwa kiungo cha taya, walipodungwa protini ya sklerostini ambayo hutuliza ishara hizo, walipona vizuri zaidi. Nalitaja hili mapema kwa sababu linavunja ile picha ya gegedu kama mpira wa gurudumu unaopungua tu. Kiungo hiki kinaishi, na kina mafundi wake.

Ili kuelewa ubomoaji ni lazima kwanza kuelewa kilichojengwa. Seli katika gegedu ni chache, zimetawanyika mbalimbali, na hakuna mishipa ya damu inayozifikia. Chakula na oksijeni huzifikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye ute wa kiungo, ambao husukumwa ndani na nje kila kiungo kinapobanwa na kuachiliwa. Sehemu kubwa ya gegedu, basi, si seli bali ni kile zilichokitandaza kuzizunguka, na kitandazo hicho kina vitu viwili vikuu. Cha kwanza ni kolajeni, kamba zilizosokotwa kwa nyuzi tatu tatu ambazo huzuia gegedu lisichanike. Cha pili ni agrekani, molekuli kubwa yenye umbo la brashi ya kuoshea chupa, ambayo uti wake wa protini umechomekwa minyororo ya sukari takriban mia moja. Minyororo hiyo imejaa chaji hasi, nazo chaji hasi husukumana zenyewe kwa zenyewe huku zikivuta maji, hata sehemu kubwa ya uzito wa gegedu ikawa ni maji. Agrekani inataka kuvimba, kolajeni inakataa, na ugumu wa gegedu hutokana na mvutano wa hao wawili. La taya lina agrekani kidogo kuliko la goti na nyuzi nyingi zaidi, jambo linalolifaa kwa mzigo wa kuvutwa na kuburutwa kuliko wa kugandamizwa tu.

Seli iliyozikwa katikati ya haya yote haioni wala haisikii, lakini inahisi. Kwenye utando wake kuna milango ya protini inayofunguka utando unapovutwa. Miongoni mwake ni TRPV4, inayoitikia mikazo ya kawaida, na Piezo1 na Piezo2, zinazoitikia mikazo mikali. Protini za Piezo zilitambuliwa mwaka 2010 katika maabara ya Ardem Patapoutian, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius. Mlango unapofunguka kalsiamu huingia ndani ya seli, na kwa seli kalsiamu ni habari. Kalsiamu ya kiasi, inayoingia na kutoka kwa mdundo wa kutafuna kwa kawaida, huihimiza seli kutengeneza agrekani na kolajeni zaidi. Ndiyo maana panya wanaolishwa chakula laini tu huota gegedu jembamba la taya: mzigo si adui, na taya lisilofanya kazi hudhoofika. Kalsiamu inayofurika kwa mkazo mkali ni habari nyingine kabisa, nayo huielekeza seli kwenye kifo. Mwaka 2014 watafiti walitumia kipande cha protini kutoka katika sumu ya buibui mkubwa, ambacho huziba milango ya Piezo, wakaona kwamba seli za gegedu zilizojeruhiwa kwa kubanwa zilikufa kwa uchache zaidi. Nakiri kwamba nililisoma jambo hilo mara mbili, kwa kuwa sikutarajia buibui aingie katika habari za kinywa.

Mzigo unakuwaje mbaya? Kusaga meno usingizini na kukaza taya mchana kwa masaa ni njia moja; jeraha la kidevu ni nyingine; kisahani kilichohama mahali pake ni ya tatu. Tatizo haliko katika ukubwa wa nguvu peke yake, liko pia katika muda wake. Mtu anapokaza meno, shinikizo ndani ya kiungo hupanda, na vipimo vilivyochukuliwa kwa sindano ndani ya viungo vya watu walio hai vimeonyesha kwamba linaweza kufika milimita 200 za zebaki. Kwa shinikizo la namna hiyo vijishipa vyembamba vya damu vilivyo katika utando wa kiungo hubanwa na kufungwa, oksijeni hukatika, na seli hubadili kemia yake ili iweze kuvumilia. Mtu anapolegeza taya damu hurudi kwa ghafla, na oksijeni inayorudi katika tishu iliyokwisha kubadilika huzaa molekuli kali za oksijeni zinazorarua chochote kilicho karibu. Ukosefu wa oksijeni ulikuwa mbaya, lakini kurudi kwake ndiko kunakoharibu zaidi.

Kitu cha kwanza kuraruliwa ni asidi ya hayaluroniki, ule uzi mrefu unaoufanya ute wa kiungo uwe mzito na wenye kuteleza. Asidi hiyo haitelezeshi kwa nafsi yake tu. Inalinda pia tabaka jembamba sana la mafuta ya fosfolipidi ambalo, pamoja na protini iitwayo lubrisini, hulifunika gegedu na kisahani. Uzi unapokatwakatwa, kimeng'enya (protini inayokata au kubadili molekuli nyingine) cha fosfolipasi A2 hupata njia ya kuyafikia mafuta hayo na kuyavunja, na sehemu mbili zilizokuwa zikiteleza bila kugusana zinaanza kushikana. Kisahani kilichoshikwa na kishimo cha juu hakisogei tena pamoja na kichwa cha taya, na inafikiriwa kwamba hii ni mojawapo ya njia zinazokifanya kihame. Hapa, na hapa tu, ndipo msuguano wa kweli unapoingia katika habari hii. Daktari wangu hakuwa amekosea kabisa. Alikuwa ametaja sura moja ya kisa kirefu.

Baada ya hapo kazi inahamia ndani ya seli. Molekuli kali za oksijeni, mkazo, na vipande vya uchafu vinavyoelea katika ute huziamsha seli za utando wa kiungo, hasa zile zinazofanana na makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, nazo hutoa saitokini, yaani protini za kupeana taarifa baina ya seli. Zinazotajwa zaidi katika ute wa viungo vya taya vilivyougua ni interleukini-1 beta, interleukini-6 na TNF-alfa. Interleukini-1 beta ikifika kwenye kipokezi chake juu ya seli ya gegedu huanzisha mfululizo wa protini zinazopokezana ujumbe mpaka kwenye NF-κB. Protini hii kwa kawaida hukaa nje ya kiini cha seli ikiwa imefungwa na mlinzi wake. Ujumbe ukifika, mlinzi hutiwa alama ya fosfati, akabomolewa, na NF-κB ikaingia ndani ya kiini kuwasha jeni ambazo seli tulivu ilikuwa imezizima. Njia nyingine ziitwazo MAPK hufanya kazi sambamba nayo. Matokeo ni mawili kwa pamoja: seli inapunguza ujenzi wa agrekani na kolajeni, na inaanza kumwaga vimeng'enya vya kuvikata. Inaanza pia kutengeneza saitokini zake yenyewe, na kuanzia hapo haihitaji tena kuchochewa na jirani.

Vimeng'enya hivyo ni vya koo mbili, na mpangilio wao wa kazi ndio ulionifundisha zaidi. Ukoo wa ADAMTS, hasa wa 4 na wa 5, hukata uti wa agrekani. Vipande vyenye minyororo ya sukari huteleza nje ya gegedu na kupotelea katika ute, maji hayashikwi tena kama awali, na gegedu hulainika. Hatua hii inaweza kurudishwa nyuma: uchochezi ukiondolewa mapema, seli hutengeneza agrekani mpya. Ukoo wa pili ni wa MMP, na jina la kuogopwa humo ni MMP-13, ambayo huweza kuikata kamba ya kolajeni ya aina ya II iliyosokotwa, kitu ambacho vimeng'enya vingi havikiwezi. Huikata mahali pamoja mahususi na kuacha vipande viwili, cha robo tatu na cha robo, na kwa joto la mwili vipande hivyo husokotoka vyenyewe, vimeng'enya vingine vikavimaliza. Hatua hii hairudi. Kolajeni ya gegedu la viungo vikubwa vya mtu mzima hubadilishwa polepole mno kiasi kwamba nusu ya maisha yake imekadiriwa kuwa zaidi ya miaka 100; yaani kamba ulizonazo ni zile ulizosokotewa ujanani, na hakuna ghala la nyingine.

Ushahidi wa mpangilio huu umetoka kwa panya, na mwingi wake katika goti. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba panya waliozalishwa bila ADAMTS-5 inayofanya kazi walilindwa dhidi ya uharibifu wa gegedu. Panya waliozalishwa bila MMP-13 walipoteza agrekani kama wenzao, lakini gegedu lao halikumomonyoka vile. Maji yalitoka, nyumba ikabaki imesimama kwa sababu kamba hazikukatwa. Katika kiungo cha taya MMP-13 huonekana kuongezeka pia, na kwa kuwa gegedu lake lina kolajeni ya aina ya I nyingi juu, ukataji mkubwa huonekana katika tabaka la kati na la chini, uso wa juu ukiwa bado umefunika uharibifu. Hilo huenda likaeleza kwa nini mtu anaweza kuishi miaka na kiungo kinacholiwa kwa ndani kabla ya kusikia mlio wowote.

Mwili, kama mwangalizi wa haki, una breki zake. Protini ziitwazo TIMP huziba midomo ya vimeng'enya hivi, na TIMP-3 huwazuia hata wale wa ukoo wa ADAMTS. Kiungo chenye afya si kiungo kisicho na vimeng'enya vya kukata, kwa kuwa bila kukata hakuna ukarabati. Ni kiungo ambacho wakataji na wazibaji wanalingana. Ugonjwa ni mizani iliyoegemea upande mmoja, na kuna jambo linaloifanya iendelee kuegemea hata pale chanzo kinapokuwa kimeondoka.

Jambo hilo ni vifusi. Kila seli ya gegedu imezungukwa na ganda jembamba lenye kolajeni ya aina ya VI, ambalo huitenga na kamba za kolajeni ya aina ya II zilizo nje. Katika hali ya mkazo seli huongeza kimeng'enya kiitwacho HTRA1, ambacho hulila ganda hilo. Ganda likishatoboka, kamba zilizokuwa mbali zinagusana na kipokezi DDR2 kilicho juu ya seli, na mguso huo peke yake ni amri: tengeneza MMP-13. MMP-13 inakata kamba, ukataji unazidi kufungua njia, mguso unaongezeka. Vivyo hivyo vipande vya fibronektini, protini inayoshikilia vitu pamoja, vikishakatwa huwa na tabia ambayo protini nzima haina, navyo huzichochea seli kutoa vimeng'enya zaidi. Seli, kwa maneno mengine, inasoma kifusi kana kwamba ni taarifa ya jeraha jipya linalohitaji kusafishwa. Haikosei kusoma, kwani katika kidonda cha ngozi usafishaji huo ungefuatwa na damu, seli mpya na kovu. Ndani ya gegedu hakuna damu ya kufuata, na usafishaji unabaki usafishaji.

Nimefika kwenye sehemu inayonishangaza kuliko zote. Seli ya gegedu ina kumbukumbu ya kazi nyingine. Wakati kiumbe kinakua, mifupa mirefu hurefuka kwa namna ambayo seli za gegedu huvimba, hutengeneza kolajeni ya aina ya X, hutoa MMP-13 ili kujifungulia nafasi, huita mishipa ya damu kwa protini iitwayo VEGF, kisha nyingi hufa na kuuachia mfupa mahali pao. Huo ni utaratibu mzuri wa ujenzi. Katika osteoathraitisi seli za gegedu zilizopaswa kubaki tulivu hurudia mpango huohuo: protini Runx2 inayoongoza ukuaji wa mfupa hupanda, na mwaka 2010 tafiti mbili zilionyesha kwamba protini nyingine, HIF-2α, huwasha kwa pamoja MMP-13, kolajeni ya aina ya X na VEGF. Seli ya mtu mzima inaanza kufanya kazi ya utotoni mahali ambapo hakuna mfupa unaotakiwa kukua. Gegedu la taya liko karibu zaidi na hatari hii kuliko la goti, kwa sababu tabaka la seli zilizovimba limo ndani yake tangu mwanzo. Kinachotakiwa ni mpaka kati ya tabaka na tabaka kusogea juu kidogo tu. Ndiyo maana siridhiki na neno "kuchakaa". Kitu kilichochakaa kimechoka, ilhali seli hizi zina shughuli nyingi kupita kiasi, ila shughuli yenyewe ni ya wakati mwingine.

Mishipa inayoitwa na VEGF haiji peke yake, kwa kuwa neva hufuatana nayo. Gegedu lenye afya halina neva na haliwezi kuuma. Kiungo kinapouma, maumivu yanatoka katika utando, katika mfupa ulio chini, katika misuli, au katika neva zilizojipenyeza mahali ambapo hazikuwepo. Hapo pia ndipo penye sababu mojawapo ya picha na maumivu kutopatana. Kuna watu wenye vichwa vya taya vilivyoharibika sana wasiolalamika, na wengine wenye picha safi wasiolala usiku.

Kuhusu vifo vya seli nitasema kwa ufupi, ingawa maandiko ni mengi. Seli yenye afya hujisafisha kwa otofaji, yaani hukusanya sehemu zake mbovu na kuziyeyusha ili zitumike upya, utaratibu uliompatia Yoshinori Ohsumi Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Seli ya gegedu, iliyo mbali na damu na ambayo hugawanyika kwa nadra, huutegemea sana utaratibu huo. Unapopungua, mitokondria mbovu, yaani vile viwanda vya nishati vya seli, hubaki ndani zikivuja molekuli kali za oksijeni, na seli huelekea kwenye apoptosisi, kifo kilichopangwa. Nyingine hazifi. Huingia katika uzee wa seli, hali ambayo haigawanyiki tena lakini hutoa saitokini na vimeng'enya bila kukoma. Mzee wa namna hiyo mmoja huwasumbua majirani wengi.

Chini ya gegedu kuna mfupa, na watafiti wamebishana kwa muda mrefu kama ugonjwa huanzia juu au chini. Kwa kiungo cha taya nadhani swali lenyewe limewekwa vibaya. Mkazo usio wa kawaida huwaamsha osteoklasti, seli zinazokula mfupa, na seli za gegedu zenyewe huwaita kwa protini ya RANKL. Osteoklasti wanapochimba huachilia TGF-β, ambayo ilikuwa imehifadhiwa ndani ya mfupa. Protini hiyo kwa kawaida huzielekeza seli za kujenga mahali palipochimbwa, lakini ikizidi huzikusanya ovyo na mfupa unajengwa mahali pasipofaa. Panya wenye TGF-β iliyoamshwa kupita kiasi katika mfupa walipata osteoathraitisi ya kiungo cha taya bila kujeruhiwa. Mfupa uliolegea au uliokuwa mgumu mno haupokei mzigo vizuri, gegedu linabanwa zaidi, na duara inafunga. Vipembe vya mfupa, vishimo na ugumu unaoonekana katika picha za kompyuta ni alama za msukosuko huu wa chini, wala si za gegedu, kwa kuwa gegedu lenyewe halionekani katika eksirei.

Wanawake hupata matatizo ya kiungo cha taya zaidi kuliko wanaume, hasa katika umri wa kuzaa, na seli za gegedu la taya zina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Majaribio kwa panya yametoa majibu yanayogongana, mengine yakionyesha estrojeni ikilinda na mengine ikichochea, kwa kutegemea umri, kipimo na kipokezi kilichohusika. Sipendi makala yanayolimaliza suala hili kwa sentensi moja ya uhakika.

Ukishaufahamu mnyororo huu ungetarajia dawa iwe rahisi: kata pete moja na mnyororo uanguke. Imejaribiwa. Dawa ya kumeza inayozuia ADAMTS-5 ilipewa watu wenye osteoathraitisi ya goti, na haikupunguza upotevu wa gegedu. Kingamwili dhidi ya interleukini-1 nazo hazikufua dafu katika goti. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba mtu huja hospitali wakati kamba zimeshakatwa, na kumfungia mkataji mlango baada ya hapo hakuzisokoti upya. Nyingine ni kwamba njia ni nyingi. Ukiziba ya interleukini, ya mguso wa DDR2 iko wazi. Mpaka sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kusimamisha ubomoaji wenyewe, iwe kwa taya au kwa goti.

Hata hivyo, matibabu ya kawaida niliyoyadharau mwanzoni yanaeleweka vizuri zaidi ukiyatazama kwa jicho la seli. Kifaa cha plastiki kinachovaliwa usiku juu ya meno hugawanya mzigo wa kukaza na kupunguza kubanwa kwa kiungo. Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe hupunguza kelele zinazotokana na saitokini. Kuoshwa kwa kiungo kwa sindano mbili, njia iliyoelezwa mwaka 1991, huondoa vifusi na saitokini pamoja na kuachanisha kisahani kilichoshikwa, na nilipoelewa kazi ya vifusi sikushangaa tena kwamba maji ya chumvi tu yanaweza kumletea mtu nafuu. Mazoezi ya kufungua kinywa taratibu ni mkazo wa kiasi, ule wa TRPV4, unaowapa mafundi sababu ya kuendelea kujenga. Kulipumzisha taya moja kwa moja, kama nilivyofanya kwa miezi kwa woga, hakukuwa na msingi.

Mwezi uliopita nilipigwa picha ya pili. Kichwa cha mfupa bado ni bapa na hakitarudi kuwa mviringo. Lakini kingo zilizokuwa zimekwanguka sasa zimefunikwa na mstari mweupe usiokatika, na daktari alinieleza kwamba huo ni mfupa mgumu wa juu uliojijenga upya, dalili kwamba osteoklasti wametulia na kwamba kiungo kimepata umbo jipya kinaloweza kulibeba. Katika watu wengi ugonjwa wa kiungo hiki hufikia hatua hiyo baada ya miaka kadhaa, maumivu yakipungua huku umbo likibaki limebadilika. Mlio wa mchanga bado upo. Nilimwuliza daktari kama atabadilisha neno lake; akacheka, akasema ataandika "umbo limebadilika, hakuna ulaji unaoendelea".